Tangi Lisilotakata

"Klara wa Paskali, wewe subiri pembeni."

Basi, hivyo tu. Anord hakuinua hata macho kutoka kwenye daftari. Wanawake kumi na saba walikuwa kwenye foleni, kila mmoja na kidumu chake, ukungu wa Magamba bado umelilalia paa la kituo cha maziwa, na Klara akatolewa mstarini mbele ya watu wote. Akasubiri pembeni. Foleni ikaisha, tangi likafunikwa, Anord akanawa mikono taratibu mpaka kwenye viwiko, ndipo akamwambia kwamba maziwa yake hayapokelewi tena.

"Yana nini maziwa yangu?"

"Mimi sijui, mama. Lori limerudishwa mara tatu ndani ya wiki mbili. Kiwandani Tanga wanasema yamefika yamechacha, yana mabonge. Tajiri mwenye lori na tangi kasema mkorofi atafutwe, na kamati ya kikundi imekaa jana ikamtafuta."

"Ikanipata mimi?"

"Nenda ukaongee na mwenyekiti."

Klara akajitwika kidumu chake cha lita kumi akapanda nacho mlima ule ule alioushuka. Wanawake wenzake walimpita njiani wakienda mashambani, wengine wakamsalimia na kumnong'oneza kosa analosingiziwa, wengine wakajifanya wanaangalia viatu vyao.

Paskali, mume wake, alikuwa nyuma ya banda anamkatia ng'ombe majani ya guatemala. Alimwona mkewe anakuja na kidumu kimejaa, akadhani amesahau kitu nyumbani. Alipoelezwa, panga likamtoka mkononi.

"Maji? Nani katia maji?"

"Wewe na mimi. Ndivyo wanavyosema. Wanasema tunatia maji ya mtoni, na maji ya mtoni ndiyo yanayochachisha tangi zima."

"Wamepima?"

"Wapime na nini, Baba Eliza? Kile kipimo cha kuelea si kilivunjika tangu Krismasi? Wanasema nyumba yetu iko mbali, tunafika wa mwisho, na halafu..." Klara akasita. "Wanasema wewe ulifanya kazi kiwandani, kwa hiyo unazijua mbinu zote."

Hapo ndipo Paskali alipocheka, kicheko kibaya cha mtu aliyechokozwa. Ni kweli alifanya kazi kiwandani. Miaka kumi na minne aliosha mabomba na matangi ya kiwanda cha maziwa cha serikali mjini Tanga, mpaka kilipofungwa na wao wakaambiwa asanteni, nchi inabadilika, chukueni kiinua mgongo chenu. Kiinua mgongo chenyewe ndicho huyo ng'ombe aliyekuwa anatafuna hapo. Sasa ati kazi ile ile iliyompa huyo ng'ombe ndiyo inayomfanya mwizi! Alikaa juu ya furushi la majani.

"Maziwa ya watu arobaini hayachachi kwa kidumu kimoja," alisema mwishowe. "Kinachochachisha ni tangi. Nakwenda kuliona."

"Nenda kwa mwenyekiti kwanza."

"Nakwenda kuliona tangi, Mama Eliza!"

*

Anord alimpokea kwa adabu zote. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, ana cheti cha mifugo, anavaa koti jeupe hata siku za Jumapili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nifungulie tangi."

"Mzee, hairuhusiwi mtu mwingine ku..."

"Fungua, mwanangu. Siibi, nachungulia tu."

Lori lilikuwa limeshaondoka, tangi tupu, limeoshwa, linatiririka maji. Kwa mbali liling'aa. Paskali akaingiza mkono mpaka begani, akapitisha ukucha kwenye ukuta wa ndani, chini karibu na bomba la kutolea maziwa. Ukucha ukakwaruza. Akautoa, akauonyesha kwenye mwanga wa mlango. Chini ya ukucha palikuwa na unga mweupe uliogandamana, unanuka mtindi wa wiki.

"Unakiona hiki? Huu ni ukoko. Chokaa ya maziwa yenyewe. Maziwa ya leo unayamwaga juu ya uchafu wa mwezi wa pili, halafu unauliza kwa nini yanachacha. Mnaosha na nini?"

"Sabuni ya unga na maji ya moto. Na asidi mara moja kwa wiki, mzee, kama maelekezo yanavyosema."

"Asidi gani?"

"Asidi." Anord akamtazama. "Asidi si asidi?"

Akamtolea dumu jeupe kutoka nyuma ya mlango. Halikuwa na karatasi yoyote ya maelezo. Paskali akafungua kifuniko, akapunga mkono juu ya mdomo wa dumu kuivutia harufu puani, kama alivyofundishwa. Hakuna kitu. Akapunga tena. Asidi ya nitriki aliijua kama mtu anavyomjua jirani mgomvi: ukifungua tu inakuingia puani, macho yanalia, na tone lake likikugusa kidole, ngozi inageuka njano na huiondoi kwa sabuni wala kwa jiwe, unaisubiri mpaka ibanduke yenyewe. Alikuwa na vidole vya njano kwa miaka kumi na minne. Watoto wa mtaani Tanga walikuwa wanamwita Bwana Manjano. Hii ya kwenye dumu ilikaa kimya kama maji ya kisima.

"Umeitoa wapi hii?"

"Mombo. Kwa wale wanaochaji betri za magari." Anord akaanza kujitetea kabla hajashtakiwa. "Ile ya zamani ilikuwa inaletwa na mradi, mzee, na mradi umeisha. Nikamwambia tajiri asidi imekwisha. Akanipa hela, akasema tafuta, siku hizi soko huria kila kitu kipo. Nikatafuta, nikapata. Ni nusu ya bei!"

"Hii ni asidi ya betri! Mungu wangu. Hii na ile ni vitu viwili. Ile ya nitriki inauyeyusha ukoko, unatoka na maji, bati la tangi linabaki linang'aa. Hii ikikutana na ile chokaa inatengeneza chokaa nyingine, ngumu kuliko ya mwanzo, isiyoyeyuka. Halafu inalila tangi lenyewe. Pitisha kidole hapa uone. Hivi vitundu unavisikia? Kila kitundu ni nyumba ya uchachu."

Anord alipitisha kidole. Alivisikia, maana uso ulimbadilika. Kisha akakitoa kidole, akakifuta kwenye koti, akafunika tangi.

"Mzee Paskali, tajiri alinipa hela ya asidi nikanunua asidi. Risiti ninayo. Nakuomba usinitie matatani, mimi nina mama yangu mgonjwa Bumbuli."

"Na mke wangu je?"

Anord akafunga kifuniko. Akarudisha dumu nyuma ya mlango.

*

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Abrahamu, ambaye pia ni mzee wa kanisa, na kwa kweli mambo hayo mawili alikuwa hayatenganishi. Kikundi kilianzishwa na watu wale wale wa usharika, kwenye benchi zile zile za kanisa la Kilutheri, na taratibu zake zikafuata zile walizozijua tangu utoto. Kanisani mtu akikosea hutengwa. Akitubu mbele ya watu hurudishwa kundini na maisha yakaendelea. Hakuna aliyewahi kupendekeza utaratibu huo uhamie kwenye maziwa. Ulihamia wenyewe.

"Sikiliza, Paskali," Abrahamu alisema kwa upole kabisa, akimmiminia uji. "Hakuna anayewachukia. Mkeo asimame mbele ya kikundi, aseme nilitia maji, nisameheni. Tunampigia makofi, mnaleta soda kreti moja, imekwisha. Hata mwaka juzi Silvano alitubu, na leo ni mweka hazina."

"Silvano alitia maji kweli."

"Ndiyo, naye alitubu."

"Klara hakutia. Atubu nini?"

"Usiwe mkali. Kila anayetengwa huanza kwa kusema hakufanya." Abrahamu akapuliza uji wake. "Mimi nakuonea huruma kwa jambo moja tu. Jumamosi saa nne tajiri anatuma mtu achukue majina ya mkataba. Majina arobaini, mwaka mzima. Asiyeandikwa Jumamosi asubiri mwakani. Na aliyetengwa hatuwezi kumwandika."

"Nimekwambia tangi bovu! Asidi waliyotia siyo! Njoo nikuonyeshe."

"Nione nini mimi? Mimi ni mkulima wa kabichi. Anord ana cheti."

"Na mimi nina miaka kumi na minne!"

"Cheti unacho?"

Paskali akaweka kikombe cha uji chini. Hakikuwa kimepungua. Cheti hakuwa nacho. Walipofunga kiwanda waliwapa barua ya kusitishwa kazi na fulana.

*

Siku mbili zilizofuata maziwa yaliwashinda. Ndama alinywa akahara. Walichemsha, wakagandisha, wakapika nayo ugali, makande, hata mchicha. Ng'ombe haelewi mambo ya kamati. Asubuhi na jioni alisimama pale kiwele kimejaa, anadai akamuliwe. Sokoni Lushoto maziwa ya rejareja yalikuwa na wenyewe, na huwezi kushuka huko kila siku kwa ajili ya lita nane ukarudi na nauli kamili.

Alhamisi Klara akachukua kidumu kizima akapeleka kwenye mazoezi ya kwaya, yawe ya chai. Bure, zawadi. Aliporudi jioni kidumu kilikuwa kizito vile vile.

"Walikunywa chai ya rangi," alisema.

"Wote?"

"Mwalimu wa kwaya alisema tumbo linamsumbua. Wengine wakasema na wao." Akakaa kwenye kigoda, akavua kitambaa cha kichwani, akaanza kulia bila sauti. "Nimeimba sauti ya pili pale miaka ishirini, Baba Eliza. Wamekaa wanakunywa chai nyeusi na maziwa yapo mezani."

Paskali alitaka kumshika bega. Badala yake akaanza kuzunguka chumbani akiwatukana kamati mmoja mmoja, kwa majina, kwa Kiswahili na Kishambaa, mpaka Klara akainua kichwa.

"Ukimaliza kutukana, nenda ukamwambie Abrahamu nitatubu."

"Hutubu! Umesikia? Hutubu neno usilolifanya. Kesho nashuka Lushoto, natafuta asidi ya kweli, Jumamosi naweka zote mbili mbele yao waone kwa macho yao."

"Wakishaona?"

"Watajua!"

"Mimi sitaki wajue," alisema Klara. "Nataka wapokee maziwa."

Paskali hakulisikia hilo. Au alilisikia, lakini alikuwa ameshaanza kutafuta soksi ya sufu ya kufungia chupa.

*

Ijumaa alizunguka mji wa Lushoto tangu maduka yanafunguliwa. Duka la dawa walimwuliza anataka kummwagia nani. Duka la pembejeo kijana alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonyesha mifuko ya CAN iliyopangwa mpaka darini.

"Asidi sina, mzee. Mbolea ninayo."

"Hiyo CAN unayouza, unajua imetengenezwa na nini? Na hiyo hiyo asidi ya nitriki ninayokuuliza. Wanaichanganya na amonia na chokaa."

"Basi nunua mfuko ukaikamue," kijana alisema, na wateja wote wakacheka. Paskali naye alicheka kidogo kwa aibu, akatoka, na barabarani ndipo hasira zikampanda upya.

Mtu aliyemwokoa alikuwa Hamisi, sonara, mwenye kibanda nyuma ya soko. Alimkuta ameinama juu ya pete ya mama mmoja aliyekuwa anaapa kwamba ni dhahabu ya Uarabuni. Hamisi akaikwaruza pete kidogo kwa tupa, akachukua kichupa cha kahawia chenye kizibo cha kioo, akadondosha tone. Pete ikatoa povu la kijani. Yule mama akaitazama, akaiokota, akaenda zake bila kuaga.

"Shaba," alisema Hamisi. "Alipewa na mchumba. Karibu, bwana."

"Mtu wangu, nimekutafuta tangu asubuhi wala sikujua ni wewe ninayekutafuta," Paskali alisema. "Hiyo ni nitriki."

"Umeijuaje?"

Paskali akamweleza, kidogo juu ya kiwanda, kidogo juu ya tangi. Ilikuwa mara ya kwanza wiki nzima mtu anamsikiliza bila kumwuliza cheti. Akanogewa. Akamweleza na ile semina waliyopelekwa zamani, jinsi viwanda vikubwa vya nje vinavyoitengeneza: wanachukua amonia, wanaichoma pamoja na hewa juu ya wavu wa platini uliowaka moto mwekundu, ule moshi wanaupitisha majini, inatoka asidi. Ndiyo hiyo inayokwenda kwenye mbolea, kwenye baruti za kupasulia miamba, kwenye kusafishia vyuma.

"Platini?" Hamisi akashika kiuno. "Platini si ghali kuliko dhahabu? Wanaichomea hewa?"

"Haiishi haraka."

"Yarabi! Nipeni mimi huo wavu wakimaliza." Akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akachukua kichupa kingine kidogo, akatilia kiasi cha kijiko. "Hii naletewa kutoka Mombasa. Zamani usingeipata hata ungekuwa na barua ya wizara. Siku hizi ipo, ila bei yake utalia. Usiiweke juani, na usije ukaifunga na kizibo cha mpira, itakila. Nipe elfu moja, na ukishinda kesi uniletee lita mbili za maziwa."

"Maziwa yangu yametengwa."

"Yametengwa na kikundi chenu. Mimi ni Mwislamu."

Paskali alirudi Magamba amesimama nyuma ya pikapu ya mbao, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kifuani juu ya kile kichupa ndani ya soksi. Alikuwa na furaha. Nyumbani alikuta Klara amepika wali, siku ya kazi, na maharage yaliyoungwa.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kula."

"Nimeipata, Mama Eliza! Kesho utaona sura ya Abrahamu."

Klara akamwongezea maharage. "Kesho usiende," alisema. "Mimi nitakwenda peke yangu, wewe baki na ng'ombe."

"Nibaki? Kesho ndiyo siku yangu!"

Klara akakusanya sahani. Aliosha vyombo muda mrefu kuliko uchafu wake ulivyohitaji.

*

Saa nne Jumamosi watu wote walikuwa wamekaa kwenye benchi mbele ya kituo. Mtu wa tajiri alikaa ndani ya gari lake akisoma gazeti, mlango wazi, anasubiri orodha. Klara alitangulia mapema. Alikuwa benchi la pili, pembeni ya Rahabu, jirani yao mjane mwenye ng'ombe mmoja.

Paskali hakungoja kukaribishwa. Aliweka sahani mbili nyeupe juu ya meza ya daftari, akaweka unyoya mweupe wa kuku kwenye kila moja. Akamwomba Anord alete lile dumu. Anord akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akaitikia kwa kichwa.

"Jamani, mimi si msemaji," Paskali alianza, sauti inatetemeka. "Tazameni tu. Asidi inayotakiwa kuosha tangi letu inaitwa nitriki. Alama yake ni moja. Ikigusa unyoya, au kucha, au ngozi, inaugeuza njano. Hii hapa nimeitoa kwa sonara."

Akadondosha matone matatu kwenye unyoya wa kwanza. Kimoshi chepesi kikapanda. Watu wa mbele wakajikunyata, wakaziba pua. Mzee Mika, aliyekuwa haoni vizuri, akasogea mpaka karibu na meza. Unyoya ukakaa kidogo, kisha ukaanza kupiga rangi, kwanza kama majani makavu, kisha njano kabisa, ya ndizi mbivu. Wanawake wakaguna.

"Sasa hii ya kituo."

Akamimina kutoka kwenye dumu kwa uangalifu. Wakasubiri. Hata mtu wa tajiri aliteremsha gazeti. Unyoya wa pili ukalowa, ukalala kwenye sahani, mweupe vile vile. Wakasubiri tena. Mweupe.

"Hii ni ya betri!" Paskali alisema, na sasa sauti haikutetemeka tena. "Miezi mitatu tangi linaoshwa na asidi ya betri. Ukoko umejaa, bati limetoboka vitundu. Nendeni mkaguse wenyewe. Maziwa yenu yanachachia humo, siyo kwenye kidumu cha mke wangu. Hakuna mkorofi hapa. Hayupo!"

Hapakuwa na mtu asiyeelewa. Aliona kwenye macho yao kwamba wameelewa, hata Mzee Mika, hata wale wa kwaya. Silvano mweka hazina aliinuka, akaingia ndani, akarudi akitazama ukucha wake, akakaa. Paskali alijisikia mrefu. Kwa dakika moja hivi alijisikia mtu.

Abrahamu akakohoa.

"Umemaliza, Paskali?"

"Nimemaliza."

"Asante. Anord, msomee."

Anord akafungua daftari ukurasa uliokunjwa. Alisoma haraka, bila kuinua uso. "Mimi Klara Paskali, leo Ijumaa, mbele ya mwenyekiti na wajumbe wanne, nakiri kwamba nilitia maji kwenye maziwa, vikombe viwili, siku nisizozikumbuka. Nawaomba wenzangu msamaha na naomba kurudishwa. Soda imepokelewa. Sahihi yake hii hapa."

Paskali akageuka. Klara alikuwa anatazama mikono yake.

"Ni uongo," Paskali alisema. Hakusema kwa nguvu.

"Basi hapo pana kazi," Abrahamu alisema, na kusema kweli hakufurahi, alionekana kuchoka. "Kama ni uongo, mkeo amedanganya mbele ya wazee, na hilo ni kosa kubwa kuliko maji. Kama ni kweli, jina lenu ni la thelathini na tisa, linabaki, tunamaliza."

"Mzee Abrahamu, si umeona unyoya?"

"Nimeona."

"Mmeona wote?"

"Tumeona, shemeji," Rahabu alijibu kwa niaba ya benchi lake. "Lakini mtu wa tajiri yule pale. Tukimwambia tangi limeoza, tajiri atakuja kulichukua tangi lake, na jingine hana. Tutapeleka wapi maziwa? Tukimwambia mkorofi kapatikana na katubu, lori linakuja Jumatatu."

"Na Jumatatu yatachacha tena!"

"Jumatatu bado haijafika," alisema mtu nyuma.

Abrahamu akasukuma daftari mbele ya Paskali, akaweka kalamu juu yake. Ilibidi mwenye nyumba naye atie sahihi. Paskali akamsogelea mkewe, akamwinamia, akamwuliza kwa Kishambaa, polepole, kama anamwuliza mgonjwa: anataka yeye afanye nini? Klara alimjibu kwa Kiswahili, watu wote wasikie.

"Tia sahihi twende nyumbani, Baba Eliza. Ng'ombe hajapewa majani."

Akatia sahihi. Herufi zake zilikuwa kubwa na mbaya. Watu wakapiga makofi kama ilivyo desturi ya kumpokea aliyerudi, mara tatu, yakaisha. Mtu wa tajiri akapewa orodha, akaihesabu, akawasha gari. Anord akaja kuokota zile sahani. Ule unyoya wa njano aliusukuma chini kwa kijiti, akaufukia kwa kiatu.

*

Jumatatu lori lilikuja na halikurudishwa, kwa kuwa siku hiyo ilinyesha kutwa na baridi ilikuwa kali. Jumanne Klara aliitwa kwa jina, lita nane, akarudi na kidumu kitupu akiimba. Siku nne hizo waliongea habari za majani na ndama tu. Paskali alikuwa na hasira naye, kisha na kamati, kisha na tajiri, kisha akawa na hasira na unyoya. Alikuwa ameshinda mbele ya watu wote. Mtu akishindwa anajua afanye nini. Yeye alikuwa hajui.

Jumatano maziwa yalirudi kutoka Tanga yana mabonge.

Alhamisi, jua linaelekea magharibi, Rahabu alikuja. Alibisha hodi akiwa ameshikilia kidumu chake kilichojaa, hakukiweka chini hata alipokaribishwa kiti.

"Onga mshi," Paskali alimsalimu, kisha akakiona kidumu. "Na wewe?"

"Na mimi. Asubuhi. Subiri pembeni." Midomo ilimcheza. "Wanasema mtoto wangu anatia maji nikiwa shambani. Mtoto wangu ana miaka sita."

Paskali aliruka kutoka kwenye kigoda. Damu ilimchemka, na katikati ya hasira palikuwa na kitu kinachofanana na furaha. "Umeona! Nilisema! Keti hapa, Rahabu. Asidi imebaki kidogo. Kesho tunakwenda wote wawili, na safari hii twende moja kwa moja kwa tajiri mwenyewe, Tanga, tumpelekee na dumu lenyewe. Ushahidi upo, watu arobaini wameuona kwa macho..."

"Asante sana, shemeji," Rahabu alimkatiza kwa heshima. "Asidi yako niliiona. Sikuja kwa ajili hiyo." Akamgeukia Klara, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. "Mwenzangu, nimekuja kwako. Siku ile ulisemaje? Nifundishe maneno, nami nikayaseme kesho kabla hawajaandika mtu mwingine nafasi yangu."

Klara alimtazama mumewe. Paskali alikuwa bado amenyoosha mkono kuelekea rafuni, kwenye soksi. Klara akauweka mwiko chini, akafuta mikono kwenye khanga, akavuta kigoda.

"Anza na jina lako," alisema. "Halafu sema nilitia maji."

"Nilitia maji."

"Usilie. Ukilia watauliza mengi."

"Nilitia maji," Rahabu alirudia, kidumu bado mapajani. "Wakiuliza vikombe vingapi?"

"Sema viwili," Klara alisema. "Mimi nilisema viwili, na hawakuuliza tena."